"Bingwa hawezi kuugua sonona" na dhana nyingine potofu kuhusu akili za wanamichezo

Mchezaji akichanika msuli wa paja, hakuna anayebishana. Anatolewa kwa machela, anapigwa picha hospitalini, daktari anataja wiki za kukaa nje na kocha anapanga mwingine. Mchezaji huyohuyo akikosa usingizi mwezi mzima, chakula kikamshinda, akafika mahali tumbo linamsokota kila akiona jezi yake, ushauri anaopewa ni mmoja tu: jikaze. Uzito wa ugonjwa hauelezi tofauti hii. Inatokana na mambo tunayoyaamini kuhusu wanamichezo, na imani hizo ndizo zinazomfungia mgonjwa mlango wa matibabu. Mengi yamebadilika katika miaka ya karibuni, lakini ukisikiliza maneno ya mashabiki baada ya mchezaji kuomba mapumziko, utajua kwamba kazi bado ipo.

Dhana: Mwenye medali, pesa na jina kubwa hana cha kumuumiza

Mwogeleaji wa Marekani Michael Phelps amevuna medali nyingi za Olimpiki kuliko mwanamichezo mwingine yeyote: 28, kati yake 23 za dhahabu. Ni yeye mwenyewe aliyesimulia kwamba michezo ilipokwisha alikuwa akitumbukia kwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na kwamba baada ya London 2012 alijifungia chumbani siku kadhaa, hali wala halali vizuri, hataki tena kuishi. Mwaka 2014 aliingia kituo cha matibabu. Miaka miwili baadaye, mjini Rio de Janeiro, alichukua dhahabu 5.

Andrés Iniesta ni mfano mwingine ninaopenda kuutaja kwa sababu tarehe zake zinajieleza. Mwaka 2009 Barcelona ilibeba ligi, Kombe la Mfalme na Ligi ya Mabingwa, naye alikuwa kiungo wao tegemeo. Ni katika kipindi hichohicho ndipo alipoanza kuzama. Agosti mwaka ule rafiki yake Dani Jarque, nahodha wa Espanyol, alifariki ghafla, na hali ikazidi kuwa mbaya. Iniesta ameeleza kwamba kuna wakati alichokuwa akikingoja kwa siku nzima ni usiku uingie ameze kidonge apumzike. Alitafuta msaada wa wataalamu. Julai 2010, akiichezea Hispania, alifunga bao pekee la fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uholanzi, akavua jezi, na fulana ya ndani ikaonyesha jina la Jarque.

Sonona haiangalii akaunti ya benki. Huchangiwa na urithi wa familia, maisha ya utotoni, misiba, majeraha, usingizi duni na upweke wa safari, na mara nyingi mambo haya huja kwa pamoja. Uchambuzi uliochapishwa 2019, uliokusanya tafiti nyingi kuhusu wanamichezo wa kiwango cha juu, ulikuta kwamba karibu 34% ya walio bado mchezoni waliripoti dalili za wasiwasi au sonona, na kwa waliostaafu ni karibu 26%. Kuripoti dalili ni tofauti na kupimwa na daktari ukakutwa na ugonjwa, kwa hiyo namba hizi zisisomwe kwamba theluthi ya wachezaji wote ni wagonjwa. Zinachokataa ni ile imani kwamba kipaji ni chanjo.

Dhana: Anayefanya mazoezi kila siku hawezi kupata shida ya akili

Imani hii ina mzizi wa kweli, ndiyo maana ni ngumu kung'oa. Mazoezi ya kawaida husaidia usingizi, hupunguza wasiwasi, na kwa sonona isiyo kali hutumika kama sehemu ya tiba. Ila anachofanya mwanamichezo wa kulipwa si mazoezi ya kawaida. Mwili ukisukumwa miezi mingi bila kupumzishwa vya kutosha huingia katika uchovu wa kupindukia, na dalili zake zinafanana mno na za sonona: usingizi unavurugika, hamu ya kula inapotea, hasira inakuwa karibu, na mchezo aliokuwa akiupenda unageuka mzigo. Kocha akiona kasi imeshuka huongeza mazoezi, na hapo anaongeza moto penye kuungua.

Kuna pia mchezo wenyewe. Michezo inayopima uzito au inayohukumu umbo, kama ndondi, jimnastiki na mbio ndefu, huzaa matatizo ya ulaji kwa wanawake na kwa wanaume. Mtikisiko wa ubongo unaweza kuacha huzuni na hasira kwa muda mrefu baada ya maumivu ya kichwa kuisha. Jeraha kubwa linamtenga mchezaji na wenzake siku ileile linapotokea. Halafu kuna kustaafu, ambako kwa wengi hufika kabla ya miaka 40: ratiba, mshahara, marafiki na jibu la swali "wewe ni nani?" vyote huondoka kwa mkupuo. Sijui kazi nyingine nyingi zinazomvua mtu hivyo akiwa bado kijana.

Dhana: Aliyejitoa mashindanoni ameogopa

Tarehe 27 Julai 2021, katika fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwanajimnastiki wa Marekani Simone Biles alikimbia kuelekea kifaa cha kurukia akiwa amepanga kujizungusha mara mbili na nusu hewani. Alizunguka mara moja na nusu, kisha akatua kwa kuchuchumaa, akiponea chupuchupu. Alipewa alama 13.766, ndogo mno kwa mtu wa kiwango chake, akajitoa katika sehemu iliyobaki. Mitandaoni akaitwa mwoga na mbinafsi.

Wanaofahamu jimnastiki waliona jambo lingine kabisa. Kuna hali ambapo ubongo wa mwanajimnastiki hupoteza hesabu ya mwili akiwa juu: hajui dari liko wapi wala sakafu iko wapi, wala amezunguka mara ngapi. Katika mchezo ambao kosa la nusu mzunguko linaweza kumtua mtu kwa shingo, kuendelea ni kuhatarisha uti wa mgongo. Niongeze hapa jambo ambalo hata waliomtetea walilichanganya: hali hiyo peke yake si ugonjwa wa akili. Ni hitilafu ya mawasiliano kati ya akili na mwili, na msongo mkubwa unaweza kuichochea. Biles alikuwa na msongo wa kutosha, akiwa mmoja wa wasichana walionyanyaswa kingono na daktari wa timu ya Marekani. Wiki ileile ya mashindano alifiwa na shangazi yake.

Siku chache baadaye alipanda boriti yenye upana wa sentimita 10, akabadilisha mruko wa mwisho ili asilazimike kujisokota hewani, akapata shaba. Paris 2024 alirudi na dhahabu 3 na fedha 1. Mwoga hafanyi hivyo.

Ukitaka kuona jinsi mitazamo ilivyosogea, tazama kriketi ya Uingereza. Mwaka 2006 Marcus Trescothick aliondoka ghafla kwenye ziara ya India, na umma ukaambiwa ni sababu za kifamilia. Ilimchukua muda kusema wazi kwamba ilikuwa sonona na wasiwasi mkali. Julai 2021 Ben Stokes wa timu hiyohiyo alipumzika kwa muda usiojulikana, na tangazo lilitaja afya ya akili moja kwa moja, pamoja na kidole chake kilichokuwa kikiuma. Kidole na akili katika tangazo moja, bila kufichwa. Mimi nayaona hayo kuwa maendeleo makubwa.

Dhana: Ukisema unaumwa, kazi imekwisha

Hii ndiyo dhana iliyoua.

Robert Enke alikuwa golikipa wa Hannover 96, na mwaka 2009 wengi walimtazamia kuwa golikipa namba moja wa Ujerumani katika Kombe la Dunia la mwaka uliofuata. Alikuwa ameishi na sonona kwa miaka, tangu alipokuwa akicheza nje ya nchi. Mwaka 2006 binti yake Lara alifariki akiwa na miaka 2 kwa ugonjwa wa moyo. Baadaye yeye na mkewe Teresa walimlea mtoto mwingine, Leila. Enke alikuwa na daktari, lakini alikataa kulazwa, kwa sababu kulazwa kungejulikana. Aliamini kwamba siri ikitoka atapoteza nafasi langoni, na kibaya zaidi, kwamba atanyang'anywa Leila. Alijiua tarehe 10 Novemba 2009, akiwa na miaka 32.

Kesho yake Teresa alikaa mbele ya waandishi wa habari pamoja na daktari wa mumewe, akaeleza yote. Ulihitaji moyo wa ajabu. Kwenye ibada ya kumuaga, watu wapatao 40,000 walijaa uwanjani. Mapema 2010 uliundwa mfuko wenye jina lake, unaosaidia wanamichezo wenye sonona kupata matibabu bila kujianika.

Sitasema kwamba hofu ya Enke ilikuwa ndoto tupu, maana jamii kweli huadhibu. Mei 2021 mcheza tenisi Naomi Osaka alitangaza kwamba hatahudhuria mikutano na waandishi katika mashindano ya wazi ya Ufaransa ili kulinda akili yake. Alitozwa faini ya dola 15,000 na kutishiwa kufukuzwa. Akajitoa mwenyewe, na hapo ndipo akaeleza kwamba amekuwa akipambana na sonona tangu 2018.

Lakini mifano inayopinga hofu hiyo sasa ipo, tena si michache. Novemba 2017 Kevin Love wa Cleveland Cavaliers, timu ya ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani (NBA), alipatwa na shambulio la hofu katikati ya mechi: moyo ulienda mbio, pumzi ikakata, akakimbilia chumba cha kubadilishia nguo. Machi 2018, wiki chache baada ya mchezaji mwingine wa NBA, DeMar DeRozan, kuzungumzia sonona yake, Love aliandika yaliyompata. Julai mwaka huohuo klabu ilimwongezea mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 120. Msimu wa 2019–20 NBA ikazitaka timu zote ziwe na mtaalamu wa afya ya akili.

Hata hivyo kumwambia daktari na kuutangazia ulimwengu ni mambo mawili. La kwanza ni la lazima. La pili ni hiari ya mgonjwa, na hakuna shabiki anayemdai.

Dhana: Dawa za akili ni sawa na dawa za kusisimua misuli

Hapana. Dawa za kawaida za kutibu sonona hazimo katika orodha ya zilizopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni. Zenye masharti ni baadhi, hasa dawa za vichangamshi zinazotumika kwa watu wenye ADHD, tatizo la umakini na utulivu. Mchezaji anayezihitaji huomba kibali cha matibabu. Mwaka 2016 wadukuzi walipoiba na kuvujisha kumbukumbu za WADA, ilionekana kwamba Biles alikuwa na kibali cha aina hiyo. Alijibu bila kujificha: ana ADHD, ametumia dawa tangu utotoni, na hakuna aibu katika hilo. Mchezaji anayeacha dawa ghafla kwa kuogopa vipimo anajihatarisha bure. Aulize daktari wa timu kwanza.

Dhana: Timu ina mwanasaikolojia, inatosha

Inategemea ni mwanasaikolojia gani. Wapo waliosomea kuongeza umakini, kutuliza mapigo ya moyo kabla ya penalti na kujiandaa kwa mechi kubwa. Kazi yao ni nzuri, lakini kutibu sonona kali au matatizo ya ulaji ni ya mtaalamu wa tiba, na wakati mwingine ya daktari wa magonjwa ya akili. Tena kuna swali ambalo viongozi wengi wa klabu hawalipendi: anayoyasema mchezaji yanabaki kwa nani? Kama ripoti inafika kwa kocha anayepanga kikosi, mchezaji atasema yuko sawa mpaka siku atakayoanguka. Afadhali mtaalamu asiye chini ya benchi la ufundi.

Mwaka 2020 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa zana ya kuwapima wanamichezo afya ya akili, inayoanza na dodoso fupi la maswali 10. Imekusudiwa kutumika kabla ya msimu, baada ya jeraha, na mchezaji anapokaribia kustaafu. Kama misuli na moyo vinapimwa kabla ya ligi kuanza, sioni kinachozuia hili nalo kuingia kwenye ratiba.

Dhana: Ukimuuliza kuhusu kujiua utampa wazo

Wataalamu wanasema kinyume chake. Kuulizwa wazi hakumpandikizii mtu wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kusema. Ukiona mwenzako kwenye timu anajitenga, anagawa vitu vyake, anaanza kulewa au kutumia vidonge vya usingizi hovyo, anasema yeye ni mzigo, au ametulia ghafla baada ya wiki za giza, mvute pembeni umuulize kwa maneno ya kawaida kama anawaza kujiua. Usimuhubirie wala usimwambie wapo wenye shida kuliko yeye. Akikubali, usimwache peke yake, mwondolee karibu vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na mpeleke kwa daktari au kituo cha dharura siku hiyohiyo, hata kama kesho kuna fainali. Akikuomba iwe siri, mwambie ukweli kwamba hili huwezi kulibeba peke yako, na ukae naye mpaka mtaalamu afike.