Ripota akigeukia historia: Alan Moorehead na Mto Nile

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya historia, na mingi inayofika mezani kwangu imeandikwa na waandishi wa habari, si maprofesa. Nikiulizwa wanatofautianaje, huwa namtaja Alan Moorehead.

Alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1910. Akawa ripota wa gazeti la mjini kwao, akahamia Uingereza mwaka 1936, na Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto gazeti la Daily Express likamtuma jangwani Afrika Kaskazini. Huko alisafiri bega kwa bega na Alexander Clifford wa Daily Mail. Magazeti yao yaligombea wasomaji. Wao wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Vita vilipokwisha aliacha gazeti, ila mkono wa gazeti haukumwacha. Kitabu chake Gallipoli kilitoka 1956, The White Nile 1960, The Blue Nile 1962. Kile cha 1960 hakianzi na ramani wala nadharia. Kinaanzia Unguja, mwaka 1856, Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza wanaokitafuta chanzo cha Nile, ndio kwanza wanafika. Msomaji anatia mguu bandarini kwanza, maelezo yatamkuta humo humo.

Au chukua kifo cha Speke. Ni Septemba 16, 1864, mjini Bath, na Burton amekuja tayari kwa mjadala wao wa hadharani kuhusu chanzo cha Nile. Mara inaletwa habari: Speke alikufa jana yake, mawindoni, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Ajali, au alijiua? Msomi angelipima swali hilo kwa kurasa kumi, na ana haki. Ripota anakuacha ukumbini na watu wanaosubiri. Nikifika mahali kama hapo, kalamu nyekundu naiweka chini.

Desemba 1966 alipata kiharusi kilichomnyang'anya usemi na uandishi, naye akaishi hivyo hadi 1983. Kumbukumbu zake za 1970 zilikusanywa na mkewe, Lucy, kutoka kwenye vipande alivyokwisha kuandika. (Wahariri hatusifiwi, lakini huyu mama anastahili.)

Sasa kasoro. Ripota humfuata anayezungumza, na kwenye habari za Nile waliozungumza zaidi ni Wazungu waliochapisha shajara zao London. Mtazame Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara yao. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akarudi Unguja akiwa huru. Alisafiri na Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley akimtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na Cameron mpaka pwani ya Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunukia medali ya fedha. Kitabu kizima kingeweza kumfuata yeye! Lakini maneno yake tunayapata kupitia kalamu za waliomwajiri, basi waandishi wengi wanamweka pembeni, kama walivyomweka wao.

Wiki iliyopita nilimrudishia ripota mmoja mkongwe sura yake ya tatu. Ni tamu, niliisoma nimesimama jikoni hadi uji ukaungua. Msafara unaondoka Bagamoyo, ngoma zinalia, bendera juu. Mzungu ana jina. Punda wake ana jina. Wapagazi ni "mia na hamsini". Pembeni nimeandika: kirangozi aliyeutangulia msafara ni nani?