Ys: Kupiga na kujikinga kwa mwendo mmoja

Mwezi Juni 1987, kampuni ya Nihon Falcom ya Tachikawa, magharibi mwa Tokyo, ilitoa gemu iitwayo Ys kwa ajili ya kompyuta ya NEC PC-8801. Tangazo lake lilisema kwamba sasa RPG, gemu ambazo unashika nafasi ya mhusika anayezidi kupata nguvu kadiri safari inavyoendelea, zinaingia katika zama za upole. Kazi yangu ni kusanifu mapigano ya gemu: ndiye ninayeamua adui arushe pigo baada ya muda gani, ngao ishike kwa sekunde ngapi, mchezaji asukumwe umbali gani akiguswa. Katika kazi hii hakuna mfululizo niliouchambua kipande kwa kipande kama Ys. Kila ninapouchambua nazidi kuamini kwamba upole ule haukuwa maneno ya kuuzia bidhaa. Ulijengwa ndani ya mapigano yenyewe, na bado umo humo katika Ys X ya mwaka 2023.

Upole kuliko nini? Kuliko gemu za Falcom yenyewe, kwanza. Mwaka 1985 kampuni hiyo ilikuwa imetoa Xanadu, iliyouza nakala zaidi ya 400,000, idadi kubwa mno kwa gemu ya kompyuta ya Japani wakati huo. Xanadu ni gemu kubwa, lakini ni kali. Chakula kinaisha, funguo zinaisha, hata maadui wa kukupa uzoefu, yaani alama za kukuza nguvu zako, wanaisha. Ukizitumia vibaya saa za mwanzo unaweza kujifungia njia bila kujua, ukaja kugundua mbele sana kwamba gemu haimaliziki tena. Masaya Hashimoto na Tomoyoshi Miyazaki walipotengeneza Ys walikwenda upande mwingine kabisa. Walitaka mchezaji wa kawaida aweze kufika mwisho.

Sasa nije kwenye kiini, ambacho ni kikumbo.

Katika Ys ya kwanza hakuna kitufe cha kupiga upanga. Shujaa, kijana wa miaka 17 mwenye nywele nyekundu aitwaye Adol Christin, anapigana kwa kumkimbilia adui na kumgonga. Ukiisoma sheria hiyo karatasini inaonekana ya kitoto. Utamu wake unaonekana pale unapotazama mwili wa Adol unakutana vipi na mwili wa adui. Kila mmoja amekaa ndani ya mraba wake usioonekana. Mkigongana uso kwa uso, katikati kwa katikati, mnaumia wote wawili. Ukimgonga huku umesogea kidogo pembeni, bega lako likipita nusu ya mwili wake, yeye anaumia na kusukumwa nyuma, wewe hupati hata mkwaruzo. Ukimtokea kwa nyuma, hali kadhalika.

Kwa hiyo swali la kila sekunde ni moja tu: nimesimama mstari gani? Katika gemu nyingi za mapigano, kupiga kuna kitufe chake na kujikinga kuna chake, na mchezaji anachagua kati ya viwili. Ys inaviunganisha. Hatua nusu ya kwenda kushoto ndiyo ngao yako, na hatua hiyo hiyo ndiyo upanga wako. Mtu aliyeushika mfumo huu hupita katika kundi la maadui bila kusimama, akiwapangua mmoja baada ya mwingine kwa bega. Asiyeushika anakufa kwa adui wa kwanza nje ya Minea, mji wa mwanzo. Na somo lenyewe analipata bila maelezo yoyote, kwa kuangalia tu mstari wa uhai wake unavyoshuka au kutulia.

Wazo hilo halikuanzia hapa, lazima niseme. Hydlide ya kampuni ya T&E Soft na Dragon Slayer ya Falcom, zote za mwaka 1984, zilikuwa na mapigano ya kugongana. Mashine pia ilichangia. PC-8801 haikuwa na vifaa vya kuchora wahusika wanaotembea juu ya mandhari. Programu ilibidi ifanye kazi hiyo yote yenyewe, na ndiyo maana Ys ya kwanza unaichezea ndani ya dirisha dogo lililozungushiwa fremu ya mapambo. Kuchora upanga unaoyumba pande nne, kwa kasi, ni mzigo. Kikumbo hakihitaji mchoro huo. Ila Hashimoto alikichukua kitu kilichotokana na uhaba akakitengeneza mpaka kikawa na mwendo unaotelezea mkononi, na mwendo huo ndio ambao Falcom imeushika miaka yote tangu hapo.

Upole mwingine umefichwa kando kando. Ukisimama tuli nje, uwandani, uhai wako unarudi wenyewe. Ndani ya mapango na mnara haurudi, mpaka upate pete ya uponyaji. Pete unavaa moja kwa wakati: hii inaongeza nguvu za upanga, ile inapunguza maumivu, nyingine inawapunguzia maadui mwendo. Leveli, yaani ngazi za nguvu za mhusika, zinaishia 10. Unazifikia mapema, kisha hakuna tena kujaza nguvu kwa kuua wadudu saa nzima. Kilichobaki ni silaha ulizozikusanya na mkono wako. Mnara wa Darm una ghorofa 25, na kileleni yupo Dark Fact, adui mkuu wa mwisho. Kila ukimpiga, kipande cha sakafu kinatoweka, mahali pa kukanyaga panazidi kupungua, na hapo hapo yeye anaruka huku na huku akirusha moto. Hapo upole unakoma, na mimi naona ni sawa ukome, kwa kuwa umeshafundishwa vya kutosha.

Kuna muziki pia, na siwezi kuuacha kwa sababu ni sehemu ya mapigano. Yuzo Koshiro, aliyezaliwa mwaka 1967, alikuwa bado kijana mdogo alipoutunga pamoja na Mieko Ishikawa. Chipu ya sauti ya PC-8801 iliwapa sauti tatu za FM na tatu nyingine sahili zaidi. Kwa sauti hizo sita wakatunga nyimbo za roki zenye kasi, zisizokuacha usimame. Unapotoka nje ya lango la mji, mdundo unaanza na mguu wako unataka kukimbia. Gemu ambayo kukimbia ndiko kupigana inahitaji muziki wa namna hiyo.

Ys II ilifuata mwaka 1988 na kuimalizia hadithi: nchi ya Ys, ambayo katika ngano za Brittany huko Ufaransa ni mji uliomezwa na bahari, hapa imeinuliwa angani kuwakwepa mashetani, na Adol anapandishwa huko. Gemu hii iliongeza uchawi. Ninaoupenda kuliko wote ni ule unaomgeuza Adol kuwa kinyama kidogo aitwaye Roo, na maadui wakamwona mwenzao. Unaweza kusimama nao mkaongea. Wengine wanalalamika kuhusu kazi, wengine wanakuogopa wewe bila kujua ni wewe. Mwaka 1988, gemu ya mapigano kukuruhusu kuzungumza na wale uliokuwa unawapiga vikumbo dakika moja nyuma! Bado nakutana na gemu mpya chache sana zenye ujasiri huo.

Baada ya hapo njia ikapinda. Ys III ya mwaka 1989 ilibadilisha kila kitu: unatazama kwa ubavuni, unaruka, unapiga upanga kwa kitufe. Hashimoto na Miyazaki wakaondoka wakaanzisha kampuni yao, Quintet. Ys IV, mwaka 1993, Falcom haikuitengeneza yenyewe. Ilitoa hadithi kwa kampuni nyingine, na zikatokea gemu mbili tofauti, moja ya Tonkin House na moja ya Hudson Soft. Ys V ya mwaka 1995 ilimpeleka Adol Xandria, katika bara liitwalo Afroca, ambalo kwenye ramani ya ulimwengu wake limekaa pale pale Afrika ilipo. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mwaka uliofuata ilitolewa tena ikiwa imeongezwa ugumu. Ningetamani sana Falcom iirudie upya gemu hii, na ningetamani zaidi waitengeneze Afroca kwa umakini ule walioipa Ulaya yao ya kubuni. Mpaka sasa haijafanyika.

Kisha kimya cha miaka minane bila hadithi mpya, hadi Ys VI mwaka 2003.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema Ys ya kweli ilikufa na kikumbo. Kilichokufa ni njia, sheria ya kupiga na kujikinga kwa mwendo mmoja ilibaki. Ys VI ina kitufe cha upanga na kitufe cha kuruka, na mfumo wake ukatumika tena katika Ys: The Oath in Felghana ya 2005, ambayo ni Ys III iliyosukwa upya, na Ys Origin ya 2006. Felghana ndiyo gemu ninayowapa vijana wanaotaka kujifunza usanifu wa mapigano. Chukua ule uchawi wa upepo. Ukiwa hewani ukaachilia, Adol anazunguka kama pia, na mzunguko huo unafanya kazi tatu: unamjeruhi kila aliye karibu, unarefusha mruko wako uvuke shimo, na unakutoa mahali ambapo pigo la bosi, adui mkubwa, linakuja kutua. Ni hatua nusu ya kwenda kushoto ile ile ya mwaka 1987, imevaa nguo mpya. Pamoja na hilo, ukipiga mfululizo bila kukatisha, uzoefu unaoupata kwa kila adui unaongezeka. Gemu inakulipa kwa kutosimama, kama muziki ulivyokuwa ukikuhimiza zamani. Mabosi wake ni wagumu, wagumu kweli, lakini kila pigo lao lina ishara yake na lina nafasi yake ya kuingilia. Sijaona ndani yake kifo ambacho mchezaji hawezi kukieleza.

Mwaka 2009 Ys Seven ilitoka kwenye PSP, mashine ya mkononi ya Sony, na Adol akaacha kupigana peke yake. Wanakuwa watatu, unabadilisha kati yao papo hapo, kwa kuwa mwenye upanga anafaa kwa adui laini, mwenye nyundo kwa mwenye gamba, na mwenye silaha ya kuchoma kwa anayeruka. Niliogopa, nikiri wazi, kwamba kundi la watu watatu lingeizamisha kasi. Kilichoiokoa ni kinga ya papo kwa papo: ubonyeze kitufe kwenye sekunde ile ile pigo linapokufikia, na badala ya kuumia, nguvu za mapigo yako makubwa zinajaa. Ys VIII ya mwaka 2016 ikaikamilisha. Ukikwepa sekunde ya mwisho, maadui wanakuwa wazito kana kwamba wanatembea ndani ya maji. Ukijikinga sekunde ya mwisho, kwa muda mfupi mapigo yako yote yanakuwa makali kuliko kawaida. Ukiviwahi vyote viwili, unavipata vyote viwili pamoja. Kinga imekuwa tena shambulio.

Ys VIII yenyewe inastahili zaidi ya mapigano yake. Adol anazama na meli Lombardia (huyu kijana na meli hawajawahi kuelewana), anajikuta kisiwa cha Seiren, na kila mhanga mwingine anayempata anarudi naye kijijini, ambako mmoja anakuwa fundi wa silaha, mwingine anaendesha duka. Njia zilizozibwa zinafunguka kwa kuwa watu wameongezeka wa kusukuma mawe. Upole wa mwaka 1987 ulikuwa kati ya gemu na mchezaji. Hapa umehamia kwa wahusika wenyewe. Ys IX, ndani ya mji wa gereza wa Balduq, ina mbio nzuri za juu ya mapaa, lakini mimi naiweka chini ya VIII, kwa sababu rangi zake za kijivu na kuta zake zinaubana mwendo ambao ndio uhai wa mfululizo huu.

Ys X imerudi kwa watu wawili, Adol na Karja Balta, katika ghuba ya Obelia. Mnaweza kupigana mmoja mmoja, au ukabonyeza kitufe wakawa kitu kimoja. Adui akiwaka bluu, kwepa. Akiwaka nyekundu, simameni pamoja mjikinge. Kila pigo mnalolipokea kwa ngao linahifadhiwa na kuongeza uzito wa shambulio lenu linalofuata. Wapo wachezaji wa zamani wanaolalamika kuwa kusimama na kupokea si Ys. Mimi naona ni sheria ile ile ikiwa imefikishwa hatua ya mbali kuliko zote: unapojikinga, tayari umeshaanza kupiga.

Kwa anayetaka kuanza, namba za mfululizo zisikutishe. Kila gemu inasimuliwa kama daftari moja la safari kati ya zaidi ya 100 alizoziandika Adol, na mpangilio wa maisha yake haufuati namba. Ys X, kwa mfano, inatokea muda mfupi baada ya Ys II. Anza na Felghana au Ys Origin kama kompyuta yako ni ya kawaida, maana hazidai kadi kubwa ya michoro. Ukitaka watu na hadithi, anza na VIII. Na ukitaka kukionja kikumbo chenyewe, tafuta Ys I & II Chronicles. Humo Adol anakwenda hata kwa mshazari, jambo linalorahisisha kumgonga adui pembeni, basi jizuie uende pande nne tu, uwanda wa kwanza wote, ndipo utaelewa Hashimoto alikuwa akitafuta nini. Ukiingia kwenye mipangilio ya sauti utakuta muziki wa aina tatu. Chagua ule wa PC-8801.