Pombe Hadharani na Maegesho ya Barabarani Mombasa: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Mabishano mengi kati ya wenye baa, madereva, wakaazi na askari wa kaunti hapa Mombasa huanza kwa swali ambalo halikuulizwa mapema: sheria hii ni ya nani? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, iliipa kaunti leseni za pombe, udhibiti wa kelele na kero za umma, barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Hata hivyo Sheria ya Trafiki ni ya taifa na hutekelezwa na polisi, na barabara kuu ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya taifa ya barabara kuu. Kwa hiyo gari moja lililopaki mbele ya baa moja linaweza kuguswa na sheria tatu, kila moja na mwenyewe. Dhana nyingi potofu hapa chini zimezaliwa na kuzichanganya hizo tatu.

Dhana: Ufuo ni wa umma, basi kila mtu anywe na auze atakavyo.

Ufuo ni wa umma, kweli. Lakini kuwa wa umma kunampa mtu haki ya kufika na kutembea tu. Kuuza pombe hapo ni jambo lingine. Anayepita kwenye fuo za Pirates au Shelly na jokofu la bia akiuza chupa mojamoja anafanya biashara ya pombe bila leseni, hata kama kibali cha kuuza madafu anacho. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inadai leseni kwa kila auzaye, na leseni hutolewa kwa jengo au eneo maalumu. Hakuna leseni ya kuzunguka nayo.

Kwa upande wa mnywaji, sheria hiyohiyo inaruhusu mtu aliyelewa hadi hajiwezi, au aliyelewa na kufanya fujo, akamatwe bila hati akiwa barabarani au mahali popote pa umma. Bustani na maeneo yenye usimamizi wake huweka pia masharti yao langoni, na masharti hayo yanahesabika. Chupa ya glasi ufuoni ni hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani: ikivunjika kwenye mchanga haionekani, na watoto hutembea pekupeku. Jambo hilo lingetosha kumfanya mtu aache chupa nyumbani hata bila sheria yoyote.

Dhana: Umri wa kunywa umeshapanda hadi miaka 21, na pombe imepigwa marufuku ufuoni na kwenye supamaketi.

Habari hii ilienea sana baada ya Julai 2025, serikali ilipozindua sera ya taifa ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya. Sera hiyo ilipendekeza umri upande kutoka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe katika fuo za umma, supamaketi, vituo vya petroli na maeneo mengine. Sera ni mwelekeo wa serikali. Haimfungi mtu wala haimtozi faini mpaka Bunge libadilishe sheria. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, yenyewe ilitoa ufafanuzi huo siku chache baada ya kelele kuanza. Katika Sheria ya 2010, umri ni miaka 18.

Mwenye baa asichukue hili kama ruhusa ya kulegea. Kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na hata kumruhusu kuingia sehemu inayonywewa pombe ni kosa. "Nilidhani ni mkubwa" ni utetezi dhaifu ikiwa kitambulisho hakikuulizwa.

Dhana: Nina leseni ya baa, basi viti vyangu vinaweza kufika hadi barabarani.

Hili ndilo linaloleta ugomvi mwingi zaidi, na linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Leseni inahusu jengo lililokaguliwa. Mkaguzi aliangalia kuta, vyoo, mlango wa kutokea na umbali wa shule. Leseni haipewi jengo lililo chini ya mita 300 kutoka shule au taasisi nyingine ya wanafunzi walio chini ya miaka 18. Meza nane zilizotolewa nje saa moja jioni hazikukaguliwa na mtu. Zikiwekwa kwenye njia ya miguu, wapita njia hushuka barabarani kati ya tuktuk na matatu. Zikiwekwa kwenye nafasi za maegesho, mwenye baa anatumia mali ya umma ambayo kaunti ingetoza ada, na madereva wanaokosa nafasi hupaki sambamba, gari kando ya gari. Hapo msongamano umeanza, na kila mtu anamlaumu mwenzake.

Asiyetaka kuvunja sheria na ana nafasi ya nje iliyo ndani ya kiwanja chake, aionyeshe kwenye ombi la leseni tangu mwanzo ili ikaguliwe pamoja na jengo. Ikiwa nafasi hiyo ni hifadhi ya barabara, leseni ya pombe haiwezi kuigeuza kuwa yake. Anahitaji kibali tofauti cha mwenye barabara, na mwenye barabara anaweza kukataa.

Saa za kuuza nazo hukosewa. Sheria ya 2010 iliziweka saa za baa za kawaida kuwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku Jumatatu hadi Ijumaa, na saa nane mchana hadi saa tano usiku wikendi na sikukuu. Aina nyingine za leseni, kama za hoteli na klabu, zina masharti yake. Jirani akifunga saa tisa usiku haimaanishi nawe unaweza. Tazama leseni yako mwenyewe, ambayo inapaswa kubandikwa mahali inapoonekana. Leseni ya kuuza pombe ya kuondoka nayo pia hairuhusu mteja kufungua chupa mlangoni, hata akisimama akiinywa kwa dakika tano tu.

Muziki ni jambo la tatu. Kanuni za kelele za 2009 za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na katika maeneo ya makaazi kiwango cha usiku ni desibeli 35. Spika iliyogeuzwa kutazama barabara huvuka kiwango hicho kwa urahisi, na leseni ya pombe haimkingi mtu na shtaka la kelele.

Wakaazi nao wana nguvu wasiyoitumia. Ombi la leseni hutangazwa kabla ya kusikizwa, na chini ya Sheria ya 2010 yeyote mwenye pingamizi huliandika, akataja sababu, akaliwasilisha kwa kamati ya leseni na kumjulisha mwombaji angalau siku saba kabla ya kikao. Pingamizi linalosema "hatutaki baa" huwa jepesi. Linalosema baa iko mita kadhaa kutoka shule fulani, likiambatana na ramani na picha za meza barabarani, huwa zito. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo aliyepitwa na kikao cha kwanza angoje cha pili, lakini akusanye ushahidi tangu leo.

Dhana: Mnazi ni kinywaji cha asili, hauhitaji leseni.

Sheria ya 2010 ilitoa vinywaji vya asili katika kundi la vitu vilivyopigwa marufuku na kuviweka pamoja na vileo vingine. Faida ni kwamba mgemaji si mhalifu kwa kugema. Sharti ni kwamba anayeuza mangweni (mahali pa kunywea mnazi) anafuata kanuni zilezile za leseni, umri na saa. Kinachoharibu kesi za wauzaji wengi ni kuuza bila leseni, pamoja na mnazi uliochanganywa na vitu vingine ili ukolee haraka. Huo si mnazi tena, na hakuna anayeweza kumwambia mnywaji amekunywa nini.

Dhana: Gari limezimwa na limepaki, basi kunywa ndani yake si kosa.

Sheria ya Trafiki haimlengi anayeendesha peke yake. Kifungu cha 44 kinamgusa pia aliye na gari chini ya udhibiti wake barabarani au mahali pa umma huku amelewa kiasi cha kutoweza kulimudu. Mtu aliyeketi kiti cha dereva, ufunguo umo kwenye swichi, redio inalia na chupa iko mkononi, amejiweka pabaya sana mbele ya polisi, hata kama gari halijasogea inchi moja. Nia ya "nitalala hapa hapa mpaka asubuhi" haionekani kwa macho. Anayejua atakunywa aache gari nyumbani au mahali penye mlinzi, kisha achukue tuktuk.

Dhana: Nimewasha taa za hazadi, basi sijapaki.

Taa za hazadi hutoa onyo la hatari. Haziumbi ruhusa. Gari lililosimama mahali linapozuia wengine ni kizuizi chini ya Sheria ya Trafiki hata kama dereva yumo na injini inanguruma. Ndia Kuu na vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba kiasi kwamba gari moja la "dakika mbili tu" huzuia gari la wagonjwa au la zimamoto. Ikiwa gari limeharibika kweli, hazadi ziwashwe na vibao vya pembetatu viwekwe mbele na nyuma.

Kupanda na gari juu ya njia ya miguu ili kupata nafasi ni kosa lenye faini ya papo hapo ya shilingi 5,000 katika Kanuni za Trafiki za makosa madogo za 2016. Wengi hudhani ni jambo la kaunti pekee na kwamba likilipiwa ada ya maegesho limekwisha. Halijakwisha.

Dhana: Mbele ya duka langu ni pangu.

Hapana. Mawe, matairi, viti vya plastiki na madebe ya rangi vinavyowekwa kushikilia nafasi havina nguvu ya kisheria, na kaunti ikiviondoa haidaiwi. Mpaka wa kiwanja uko kwenye hati na ramani ya upimaji. Baada ya hapo ni hifadhi ya barabara. Duka linaloshusha mizigo kila siku lina haja ya kweli, na njia ya kuitimiza ni kuomba kaunti itenge nafasi ya kupakulia.

Dhana: Barabara zote za Mombasa ni za kaunti.

Barabara ya Nairobi inayopita Changamwe na Miritini, ya Malindi inayopita Nyali na Bamburi, na ya Likoni kuelekea Lunga Lunga ni barabara kuu za taifa. Kwenye hifadhi zake, vibanda, meza na magari yaliyopaki ovyo huondolewa na KeNHA, na barua ya kaunti haizuii hilo. Kabla ya kuwekeza fedha kwenye kibanda au egesho, uliza barabara ni ya nani.

Mpaka wa kaunti nao husahaulika. Ukivuka daraja la Mtwapa umeingia Kilifi. Leseni, ada na askari ni wa Kilifi, na risiti ya maegesho ya Mombasa haina kazi kule.

Dhana: Nikilipa maegesho, kaunti inalinda gari.

Ada ni ya kutumia nafasi. Kioo kikivunjwa, hatua ya kwanza ni kituo cha polisi kupata nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha bima. Kijana anayekuelekeza kwa mkono na kuomba kitu kidogo si mwajiriwa wa kaunti kwa sababu tu amevaa koti la kung'aa.

Malipo yapitie njia rasmi ya kaunti na yaache ujumbe wenye nambari ya gari. Kosa la kawaida kabisa ni herufi moja: dereva ameandika nambari ya gari alilouza au amekosea herufi ya mwisho, askari akaiingiza nambari sahihi na mfumo ukaonyesha hajalipa. Soma ujumbe kabla ya kuondoka kwenye gari. Usiufute siku hiyo.

Dhana: Kaunti inaweza kupandisha ada kwa tangazo tu.

Ada za kaunti hupitishwa na Bunge la Kaunti, kwa kawaida kwenye Sheria ya Fedha ya kila mwaka, baada ya wananchi kushirikishwa. Katiba, Ibara ya 199, inasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe kwenye Gazeti Rasmi. Kwa hiyo ukitozwa kiwango usichokijua, ombi lako liwe mahususi: "Naomba kifungu na jedwali lenye ada hii." Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lililoandikwa, na ikinyamaza unaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Dhana: Gari likifungwa klampu, ni kulivunja au kuhonga.

Kuvunja klampu kunakuletea shtaka la kuharibu mali, ambalo ni zito kuliko deni la maegesho. Hongo haifuti rekodi. Klampu inaweza kurudi kesho kwa deni lilelile. Fanya hivi badala yake: piga picha ya gurudumu, nambari ya gari, mstari wa egesho na kibao kilicho karibu, au mahali penyewe ikiwa kibao hakipo. Hakikisha saa inaonekana kwenye picha. Uliza jina na nambari ya kazi ya askari, na kosa linaloandikwa. Lipa kwa njia rasmi ikiwa unahitaji gari mara moja, ukiandika kwamba unalipa chini ya pingamizi, kisha peleka malalamiko kwa maandishi ukiomba sababu. Sheria ya Haki katika Hatua za Utawala ya 2015 inakupa haki ya kuzipata. Ikiwa ni wewe uliyekamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba inataka uambiwe sababu papo hapo na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kuzungushwa mjini kwenye gari la askari huku mkijadiliana bei hakumo katika sheria yoyote.