Je, wajua kwa nini intaneti ya Mbps 20 haishushi megabaiti 20 kwa sekunde?

Mtu wa Gungu, Kigoma, analipia intaneti ya nyumbani ya "hadi Mbps 20". Anashusha video ya megabaiti 700, akitazama skrini anakuta 2.3 MB kwa sekunde. Anaona kaibiwa. Huenda hajaibiwa hata kidogo.

Angalia hiyo herufi b. Kwenye Mbps (megabiti kwa sekunde) ni ndogo, yaani biti. Kwenye MB ni kubwa, yaani baiti, na baiti 1 ina biti 8. Watoa huduma hutangaza kasi kwa biti, ilhali simu na kompyuta huonyesha ukubwa wa faili kwa baiti. Gawa 20 kwa 8, unapata 2.5. Kwa hiyo video ile haiwezi kushuka chini ya dakika 4 na sekunde 40, hata mtandao uwe mzuri vipi. Kilichopungua hadi 2.3 kimeliwa njiani: data hukatwa vipande, kwa kawaida visivyozidi baiti 1,500, na kila kipande hubeba anwani ya kilikotoka na kinakokwenda. Kwa maoni yangu matangazo yangeandika namba zote mbili, maana mteja anashusha mafaili, hashushi biti.

Ukiona 0.6 MB kwa sekunde, hapo pana jambo. Neno "hadi" ni kilele tu. Saa mbili usiku mtaa mzima uko kwenye mpira na tamthilia, na njia ni ileile. Au ruta iko sebuleni, wewe uko chumba cha mwisho, katikati kuta mbili za matofali ya kuchoma. Waifai ya masafa ya GHz 5 ina kasi kuliko ya GHz 2.4, ila hupenya ukuta kwa shida zaidi.

Wengi husingizia umbali wa Kigoma. Nyaya za baharini za SEACOM na EASSy, zinazoleta intaneti kutoka nje, zinatua Dar es Salaam, na hata mkongo (waya wa nyuzi za kioo) wa kutoka hapo hadi Kigoma ungefuata reli, ni kama kilomita 1,250. Mwanga ndani ya nyuzi hizo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, hivyo safari hiyo ni milisekunde 6 tu.

Kabla ya kulalamika, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, zima vifaa vingine, upime saa mbili usiku na tena alfajiri. Alfajiri Mbps 19, usiku Mbps 5? Huo ni msongamano, mpigie mtoa huduma na vipimo vyako mkononi. Kwa waya iko sawa, kwa waifai inakokota? Hamisha ruta kwanza.