“Can I” si kosa

Mwanafunzi akinyoosha mkono na kusema “Can I go out?”, walimu wengi humrudi: uwezo unao, ruhusa ndiyo huna, sema “may”. Kanuni hiyo imerithishwa darasa hadi darasa, ila Waingereza wenyewe hawaifuati. Kamusi za Oxford na Merriam-Webster zinaitaja ruhusa miongoni mwa maana za “can”. Na historia yake inachekesha kidogo: katika Kiingereza cha kale “can” ilimaanisha kujua, na “may” ndiyo iliyobeba uwezo. Nomino “might”, yaani nguvu, ni ya ukoo huohuo. Siku hizi “may” ina urasmi zaidi, hivyo inafaa kwenye barua ya kazi. Kuomba chumvi mezani, “can” yatosha.