Je, wajua kwa nini silinda mbili ziliwahi kuzishinda nne?

Kwa kawaida injini yenye silinda nyingi ndogo huzunguka haraka kuliko yenye silinda chache kubwa, na mzunguko wa haraka huzaa nguvu. Imekuwaje basi pikipiki za silinda mbili zikatawala mbio za dunia kwa zaidi ya miaka kumi, huku zikishindana na za silinda nne?

Jibu la kwanza limo kwenye kanuni. Mashindano ya dunia ya Superbike yalipoanza mwaka 1988, pikipiki ya silinda nne iliruhusiwa kufika cc 750 tu, ya silinda mbili cc 1000. Ducati ya Italia, ambayo injini ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V ilikuwa mali yake ya siku nyingi, iliitumia nafasi hiyo vilivyo. Kati ya 1990 na 1999 waendeshaji wake walitwaa ubingwa mara 8. Honda ilijaribu kuwazuia kwa RC45, pikipiki ya silinda nne, ikaambulia ubingwa mmoja, wa John Kocinski mwaka 1997.

Mwaka 2000 Honda ikaamua kupigana kwa silaha ileile ya mpinzani. Ikaleta VTR1000 SP-1, ambayo Wamarekani huiita RC51: silinda mbili, cc 999. Kanuni zilitaka pikipiki ya mashindano itokane na ile inayouzwa kwa watu, kwa hiyo yeyote mwenye fedha aliweza kununua mashine iliyosanifiwa kwa ajili ya mbio tangu mwanzo. Msimu huohuo, Mmarekani Colin Edwards akawa bingwa wa dunia juu yake.

Ila cc za ziada hazielezi kwa nini watu waliipenda, na wanaipenda mpaka leo. Hapo lazima tuingie ndani ya injini.

Silinda zake mbili zimeachana kwa nyuzi 90, na pistoni zote mbili zimeshikwa kwenye pini moja ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Pistoni moja inapofika juu kabisa na kusita kabla ya kugeuka, mwenzake yuko karibu na katikati ya safari, anakwenda mbio. Mpangilio huo unawezesha sehemu kubwa ya mtikisiko kusawazishwa na uzito uliowekwa kwenye krenki yenyewe, bila shafti ya ziada ya kuutuliza. Pistoni hizo ni kubwa kwelikweli: kipenyo milimita 100, safari milimita 63.6. Injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, kila silinda inalipua mafuta mara 75 kwa sekunde.

Lakini milipuko hiyo haiji kwa vipindi sawa. Silinda ya kwanza ikilipua, ya pili hufuata krenki ikiwa imezunguka nyuzi 270. Kisha hupita nyuzi 450 nzima kabla ya ya kwanza kulipua tena. Pigo, pigo, kimya kirefu; pigo, pigo, kimya kirefu, kama ngoma yenye mwendo wa kuchechemea. Ndiyo maana mlio wa eksozi yake unatambulika hata ukiwa hujaiona pikipiki.

Mapigo hayo hayaishii masikioni. Yanapita kwenye cheni mpaka tairi la nyuma, na mwendeshaji anayahisi kwenye kiti na kwenye vigingi vya miguu. Akiwa amelala kwenye kona na kuanza kuvuta mafuta taratibu, anajua tairi limeshika lami kiasi gani na limebakiza nini kabla ya kuteleza. Wahandisi wana maelezo zaidi ya moja. Wapo wasemao tairi hupata nafasi ya kushika tena katika kile kimya kirefu; wengine husema siri ni mkono wa mtu unaopata habari safi kutoka chini. Mimi naliamini zaidi hili la pili, kwa sababu hata anayeendesha kwa mwendo wa wastani hupata raha ileile.

Kuna pia wembamba. Krenki ya silinda mbili ni fupi, hivyo pikipiki ni nyembamba katikati ya magoti. Nguvu yake inaanza mapema, kwa hiyo unaweza kutoka kwenye kona bila kushusha gia. Honda iliweka rejeta ubavuni, moja kila upande, ili injini isogee mbele karibu na gurudumu. Vali, milango ya kupitisha hewa na moshi, nazo huendeshwa kwa gia badala ya cheni, na gia hizo hutoa mluzi mwembamba juu ya ngurumo ya eksozi.

Ina taabu zake. Kwenye foleni inarusharusha, silinda ya nyuma inachoma mapaja, na ukiachia mafuta ghafla gurudumu la nyuma linaweza kurukaruka kwa jinsi injini inavyokaba.

Mwaka 2002 Edwards, sasa juu ya SP-2, toleo lililofuata la SP-1, alishinda mbio 9 za mwisho mfululizo, akamaliza kazi kwenye uwanja wa Imola, Italia, na kumpokonya ubingwa Troy Bayliss wa Ducati kwa pointi 11 tu. Mwaka uliofuata kanuni zikabadilika na silinda nne nazo zikaruhusiwa cc 1000. SP-2 iliendelea kuuzwa miaka michache, kisha Honda ikaiacha.

Mapigo yasiyo sawa, hata hivyo, hayakuondoka. Mwaka 2009 Yamaha ilitoa R1 mpya ya silinda nne yenye krenki iliyopangwa ili milipuko isije kwa vipindi sawa, ikiwa imekwisha kuujaribu mpangilio huo kwenye pikipiki zake za MotoGP, mashindano ya dunia ya pikipiki zilizoundwa kwa mbio pekee. Sababu waliyoitoa ilikuwa hiyohiyo: mwendeshaji alihisi vizuri zaidi kinachotokea kwenye tairi la nyuma.