Wimbo wa Dvořák si wa watumwa: dhana potofu kuhusu simfoni na Wamarekani Weusi

Dhana: ule muziki wa taratibu katika Simfoni ya 9 (simfoni ni tungo ndefu ya okestra) ya Antonín Dvořák, mtunzi wa Kicheki, ni wimbo wa kale wa watumwa wa Marekani.

Ukweli ni kwamba Dvořák aliutunga mwenyewe. Maneno ya "Goin' Home" (Naenda Nyumbani), yanayoimbwa kwa muziki huo, aliyaweka mwanafunzi wake, William Arms Fisher, mwaka 1922, miaka 18 baada ya Dvořák kufariki. Kwa kuwa maneno yale yana uchungu wa mtu anayetamani kwao, watu wakaamini yametoka mashambani kwenye pamba.

Sikio la Dvořák, hata hivyo, lilifunzwa. Pale New York, kwenye chuo cha muziki alichokiongoza kuanzia 1892, alikuwepo kijana Mweusi, Harry T. Burleigh. Babu yake Burleigh, Hamilton Waters, aliwahi kuwa mtumwa na alikuwa kipofu. Aliwasha taa za barabarani mjini Erie, Pennsylvania, mjukuu akimsaidia, na wakiwa kazini mzee alimwimbia nyimbo za kiroho za utumwani. Burleigh akaja kumwimbia Dvořák nyimbo zizo hizo. Sikiliza zumari ile nzito ya okestra inapoanza: wimbo unatembea kwenye noti tano tu, bila haraka, kama mtu anayeimba peke yake. Mimi humsikia yule mzee wa Erie pale.

Dhana: Weusi walitoa malighafi, Wazungu wakatunga.

Si kweli hata kidogo. Simfoni ya mtunzi Mweusi William Grant Still iliyopigwa Rochester mwaka 1931 imejengwa juu ya bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi, na banjo imo ndani ya okestra. William Dawson, Mweusi pia, naye alifuata na simfoni yake mwaka 1934, kule Philadelphia.

Dhana: urithi wa Weusi kwenye muziki huu ni huzuni tu.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inafuta furaha ya watu. Baada ya uasi wa watumwa wa Stono wa 1739, sheria ya South Carolina iliwanyang'anya watumwa ngoma. Wakaigeuza miili yao kuwa ngoma: makofi, mapaja, vifua, miguu ikigonga sakafu. Mchezo huo uliitwa juba. Florence Price, mtunzi Mweusi mzaliwa wa Little Rock, Arkansas, aliuweka kuwa sehemu ya tatu ya Simfoni yake ya 1. Fidla zinarukaruka na kuvizia mapigo, huku nyuzi nzito chini zikishika mwendo kama miguu ya wachezaji. Na ngoma za Kiafrika, kubwa na ndogo, akaziandikia nafasi yake humo humo. Okestra ya Chicago iliipiga Juni 1933. Kabla ya hapo, hakuna okestra kubwa ya Marekani iliyowahi kupiga simfoni ya mwanamke Mweusi.

Dhana: kama kazi zao zingekuwa nzuri, tungezijua.

Price alimwandikia kondakta wa okestra Serge Koussevitzky mwaka 1943, akamweleza wazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia na rangi. Alifariki 1953. Mwaka 2009, ndani ya nyumba mbovu iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois, yalipatikana makasha ya karatasi zake. Humo zilikuwemo tungo zake mbili za fidla na okestra, ya pili aliiandika mwaka mmoja kabla ya kufa.